Sifa Alizozikataa Somoe

Kwenye arobaini ya Somoe, hapa Kibiti, watu walimsifu tangu asubuhi mpaka masinia ya pilau yalipooshwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwepo mwenyewe wa kuwakatalia. Alisimama mwalimu aliyefundisha naye, akasema Kibiti haijapata mwalimu wa Kiingereza kama yule. Akasimama mwanafunzi wake wa zamani, sasa mtu mzima mwenye kitambi na simu mbili, akasema kama si Bi Somoe leo angekuwa anachoma mkaa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye jamvi upande wa wanawake, na kila sifa ilipotoka nilijikuta natega sikio, nikingoja ile sauti yake ya kukwaruza kidogo iseme, "Ah, wapi! Mnanikuza bure." Haikuja. Binti mmoja aliyekuwa akigawa maji akaniinamia. "Bibi, mbona umenuna?" Nikamjibu ni jua, na tulikuwa chini ya turubai. Ukweli ni kwamba huzuni yangu nilikuwa nimeimaliza siku za mwanzo, kwa machozi. Kilichonirudia siku ile kilikuwa hasira, tena ya zamani, ya mwaka mmoja ambao mwanamke yule alinichosha mpaka leo sijapumzika.

Tulikuwa mwaka wa mwisho wa chuo kikuu, Dar es Salaam, miaka ile ya ruksa, madukani kumejaa vitu ambavyo utotoni tulivisikia kwa jina tu, na mifukoni hamna kitu. Waliotutangulia walikuwa wakimaliza masomo serikali inawapangia kazi, mtu anafunga sanduku anapanda basi kwenda kituoni kwake. Sisi tuliambiwa tukajitafutie. Kwa hiyo neno lililotembea kwenye korido za bweni mwaka ule lilikuwa intavyuu, na watu walilitamka kama wanavyotamka jina la ugonjwa. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili, na mtu wa tatu tuliyembeba kinyemela kwa sababu hakupata pa kulala. Tulikuwa na jiko la umeme lililopigwa marufuku, tukilificha nyuma ya masanduku, na kila tulipolificha vizuri harufu ya kamba wakavu tuliowatoa nyumbani ilituumbua mpaka chini kwa mlinzi. Mpishi alikuwa Somoe. Ndiye pia aliyekuwa na akili kuliko sisi sote, na hilo halikuwa na ubishi: insha zake zilisomwa mbele ya darasa, na wavulana waliojidai kujua sana walikuja mlangoni kwetu kuomba awaeleze walichofundishwa mchana. Lakini jaribu kumwambia. "Somoe, wali wako mtamu." "Ah, nazi haikutosha." "Somoe, gauni limekukaa." "Mtumba tu huu, shoga, nimeuokota chini kwenye rundo." "Somoe, umeongoza darasa zima." "Mwalimu kachoka kusahihisha, masikini." Ukimkazania, ukarudia tena na tena, mwisho anacheka, anakuongezea wali. Hapo ndipo ulipojua amepokea. Sote tulilelewa hivyo, kwa hiyo haikuwa shida. Shida ilikuja sifa zilipoanza kuja kwa Kiingereza.

Kulikuwa na mhadhiri aliyerudi kutoka ng'ambo, mwenye miwani mizito, aliyetufundisha Kiingereza cha mazungumzo. Alikuwa akichunguza jinsi wanafunzi wanavyojibu wanaposifiwa kwa lugha isiyo yao, na darasa letu ndilo lilikuwa shamba lake. Tulimpachika jina la Bwana Thenkyu. Alipita katikati ya viti, akasimama mbele ya mtu, akamsifu kwa Kiingereza, kisha akangoja. Wengine walifunika mdomo. Wengine walicheka mpaka sifa yenyewe ikapotea. Msichana mmoja wa bara aliambiwa gauni lake linapendeza, akajibu upesi, "Hata lako," na mhadhiri akajitazama suruali yake kwa masikitiko. Kassim, kijana wa kijiji cha Mkongo, huku kwetu, mcheshi, mwenye mabega ya mtu aliyelima, aliambiwa kalamu yake ni nzuri. Akasimama wima kama askari: "Thenkyu, nimeinunua mwenyewe." Bwana Thenkyu alifurahi nusura amkumbatie. Halafu akafika kwa Somoe, akamwambia insha yake ndiyo bora aliyoisoma tangu arudi. Somoe akainamisha kichwa, akajibu kwa Kiingereza, neno kwa neno, "Ni macho yako tu."

Kwetu pwani hilo ni jibu la kiungwana. Unamrudishia msemaji heshima, kwamba uzuri ameuona kwa sababu yeye mwenyewe ni mzuri wa kutazama. Kwa Kiingereza likageuka maneno ya mganga. Mhadhiri alivua miwani, akaipangusa kwa tai. "Macho yangu yana nini?" Darasa likaanguka kwa kicheko. Yeye hakucheka. Akamsogelea Somoe, akasema naye kwa Kiswahili, kwa upole, "Dada, nchi hii imefunguliwa. Wageni wanakuja na kazi wanazo. Mgeni akikusifu, mwambie ahsante ufunge mdomo. Ukimwambia si kitu, atakuamini."

Jioni, Somoe akikaanga vitunguu, nilimkumbusha maneno yale. "Ataamini mjinga tu," akasema. "Mtu mwenye akili akiambiwa si kitu, si anarudia?"

Tulipomaliza mitihani, Somoe, Kassim na mimi tulipata kazi ya muda kwenye mradi wa wageni waliotaka kujua wanawake wa delta wanaishije na mikoko, kamba na mpunga. Walitutaka sisi kwa sababu tulikuwa watu wa huku na Kiingereza tunacho. Ofisi ilikuwa hapa Kibiti, nyumba ya matofali yenye baraza na madirisha ya nondo yasiyo na vioo, hata mtu aliyekaa nje alisikia kila kilichosemwa ndani. Mkubwa wetu alikuwa Bi Karin, mama mrefu wa Ulaya ya kaskazini. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, na Kiingereza naye alikuwa amekisoma shuleni kama sisi, ndiyo maana alikisema polepole na kuliamini kila neno. Alikuwa mtu mwema, hilo sitamnyima. Alisifu kama watu wanavyopumua. Mimi na Somoe tulipanga kwa Bi Mwanaisha, mama wa makamo aliyeuza maandazi nyuma ya soko, na Kassim aliyelala nyumba ya pili alikuja kula kwetu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulikwenda Ruaruke, tukashuka mpaka visiwani kwa boti ya injini, tukakaa na akina mama kwenye vibanda vya kukaushia kamba, Kassim anaendesha kinasa sauti, mimi nauliza. Tukirudi, Somoe alikaa na kaseti na kugeuza Kindengereko kuwa Kiingereza. Wengi wanaweza kugeuza maneno. Somoe aligeuza mpaka kicheko. Mama mmoja wa kisiwani alisema kuhusu maofisa wanaokuja kukagua mikoko, "Wanatuhesabia miti, watoto wetu hawatuhesabii." Somoe aliiweka kwa Kiingereza kiasi kwamba Bi Karin alipoisoma alicheka, kisha akaisoma tena akiwa amesimama. Nilikuwepo. Akatoka na karatasi mkononi. "Somoe, hii ni nzuri ajabu!" Na shoga yangu, mbele ya yule mtu aliyeshika mkate wetu, akajibu, "Hapana, si nzuri. Kiingereza changu ni kibaya." Bi Karin akamtazama kwa huruma. "Utajifunza," akamwambia. Nilitamani kupiga kelele.

Wiki nyingine kikaja kisa cha kikapu. Somoe alikuwa na kikapu cha ukili, kimesukwa na shangazi yake kwa rangi ya zambarau, kazi ya mkono safi. Bi Karin akakisifu. Somoe akafanya vile ambavyo mtu yeyote wa huku angefanya: akakitoa, akasema, "Chukua." Bi Karin akakichukua! Akashukuru kwa moyo wake wote, akakitundika ukutani ofisini, juu ya meza yake. Tulirudi nyumbani Somoe amekumbatia daftari na samaki mikononi.

"Umempa mwenyewe," nikamwambia.

"Nilimpa ili akatae!"

"Sasa mwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba zawadi yangu haikuwa zawadi? Nionekane mtu wa namna gani?"

Kassim alikuwa akicheka hata akalazimika kukaa chini. Mimi sikucheka. Vijana wa siku hizi nawasikia wakifundishwa kujinadi, wanasema wenyewe, "mimi ni mchapakazi, mimi ni mbunifu," na mimi maneno hayo hunikereketa masikioni. Lakini nikimkumbuka Somoe na samaki wake mikononi, nasema afadhali nyie, wanangu, endeleeni.

Kisha ikatangazwa nafasi. Mtu mmoja kati yetu angepelekwa kusoma ng'ambo miaka miwili, arudi kuongoza kazi ile. Mimi sikuitaka, nilikuwa na mchumba, na baridi naiogopa. Wakabaki Somoe na Kassim. Bi Karin alituita barazani, akasema ile tafsiri ya visiwani ni kazi bora ya mradi mzima, akauliza, kwa kuwa Somoe kila siku alisema Kiingereza chake kibaya, ni nani hasa aliifanya. Somoe akasema kwa haraka, kama mtu anayeondoa kaa la moto mapajani, "Ni Kassim. Mimi niliandika tu." Alimaanisha kwamba Kassim ndiye aliyebeba mashine juani na kuwabembeleza akina mama waseme. Kassim, na hili namheshimu mpaka leo, akaruka, "Hapana, si mimi. Ni Somoe, yote." Bi Karin akatabasamu. Kassim aliyesema thenkyu kwa kila jambo, kwa kalamu, kwa shati, kwa kuwahi kazini, leo amekataa sifa! Baadaye nilimsikia Bi Karin kupitia dirisha akimwambia dereva wake, "Umeona unyenyekevu wa yule kijana?"

Niliingia ofisini bila kubisha hodi. Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha hasira kwamba Somoe akisema si mimi, maana yake ni mimi. Bi Karin alinisikiliza, kalamu mdomoni.

"Na Kassim akisema si mimi?"

"Kassim maana yake si yeye."

"Wote wamesema neno lilelile."

"Ndiyo."

Akaweka kalamu mezani kwa nguvu. "Nimemuuliza. Nimemsifu tangu siku ya kwanza. Kila siku ananiambia kazi yake mbaya. Mimi ni nani nimwambie mtu mzima kwamba anadanganya?" Juu ya kichwa chake kilining'inia kile kikapu. Nikaona kwamba naye amechoka kama mimi, na kwamba nisingeweza hata kumchukia vizuri. Mwisho akakubali: wageni wawili wangekuja kutoka ofisi ya Dar es Salaam, wawasaili wote wawili, waamue wao.

Basi nikawa Bwana Thenkyu. Chumbani kwetu, mchana, tukichambua mchele, nilikuwa namsifu Somoe kwa Kiingereza, naye ajibu. "Kazi yako nzuri sana." "Ah, hapana…" "Somoe!" "Nimesahau. Tena." "Kazi yako nzuri sana." "Thenkyu… lakini makosa yapo." "Lakini ya nini? Nani kakuomba lakini?" Bi Mwanaisha, aliyekuwa uani akikanda unga, hakujua Kiingereza ila sauti alizijua. Akachungulia.

"Mnafundishana nini humo?"

"Kupokea sifa, mama," nikasema. "Kizungu. Ukisifiwa unasema ahsante, basi."

"Basi tu? Humrudishii mtu kitu?"

"Basi tu."

Bi Mwanaisha akatafakari, mikono imejaa unga. "Kama mtu aliyepewa chai akanywa akaondoka na kikombe," akasema, akarudi zake uani.

Somoe akacheka mpaka mchele ukamwagika. Kisha akaanza kuuokota. "Shoga, mimi si kwamba sielewi. Huku mtu akikusifu mara moja, hajasema kitu bado. Unakataa, unampa nafasi. Akitaka kuiacha, anaiacha bila aibu. Akirudia, unajua imetoka moyoni. Huyu mama nikikataa mara moja anaondoka nayo. Sasa nijuaje kama alimaanisha?"

"Alimaanisha! Wao humaanisha mara ya kwanza!"

"Basi lugha yao ngumu kweli," akasema. Na huyu ndiye aliyekuwa akiwaongoza wote kwa Kiingereza.

Siku ya usaili nilikaa barazani karibu na dirisha, nikijifanya napanga kaseti. Kassim aliingia kwanza. Nilisikia thenkyu zake, za kawaida, si za kujisifu. Alisema tena, wazi, kwamba tafsiri ni ya mwenzake. Mgeni mmoja akasema, "Tumeambiwa utasema hivyo," na wakacheka kwa kumpenda. Alitoka jasho limemjaa, akanitazama, akanyoosha mikono kama mtu aliyevuta mlango ukagoma.

Akaingia Somoe. Alikuwa amevaa lile gauni la rundo, amelipiga pasi, na hakika lilimkaa. Mgeni akamwambia, kwa sauti ya mtu anayesema kweli, kwamba amesoma habari nyingi za mabwawa na visiwa vya nchi nyingi, na kurasa zile ndizo za kwanza kumfanya awasikie watu. Nilishika kaseti nikaibana. Somoe akasema, "Thenkyu." Akanyamaza! Hakuongeza lakini, hakutaja macho ya mtu. Nikamwona tayari yuko uwanja wa ndege na sweta. Wakaendelea kuongea, akajibu vizuri, akaeleza Kindengereko kinavyoficha dharau ndani ya heshima, wageni wakacheka mahali pa kucheka. Kisha yule wa pili, asiye na ubaya wowote, akauliza, "Ukijilinganisha na mwenzako Kassim, nani anafaa zaidi kwa nafasi hii?"

Nani anamuuliza mtu swali kama hilo? Kassim amekaa hatua chache, anakula kwetu kila siku. Hata mimi niliyemfundisha sikuwa nimemfundisha jibu lake, kwa sababu sikujua kwamba duniani kuna watu wanaouliza. Nikasikia kiti kinalia. Kisha sauti yake, tulivu, kwa Kiingereza safi ambacho hakuna aliyekuwa nacho kati yetu: "Kassim anafaa sana."

"Kuliko wewe?"

"Kassim anafaa sana," akarudia. Hakusema ndiyo na hakusema hapana. Wakaandika.

Alikwenda Kassim. Alikataa kwanza, wakamwambia yeye akikataa nafasi inarudi Ulaya, haimwendei mtu mwingine. Alikuja uani kwa Bi Mwanaisha kumwomba Somoe radhi, analia, mwanamume mzima. Somoe ndiye aliyembembeleza, akamwambia aisalimie theluji, akamfungia kamba wakavu kwenye gazeti. Asubuhi tulimsindikiza stendi. Nusu ya Kibiti ilikuwepo, watu wanampongeza, yeye anasema ahsante, ahsante, macho yameelekea chini. Basi likaondoka na vumbi lake.

Tulirudi nyumbani. Bi Mwanaisha alikuwa sokoni. Somoe akapika, wali wa nazi na mchuzi wa kamba wenye bilinganya, akaandaa mkekani, tukanawa. Nilikuwa nimejizuia tangu siku ya usaili, na tonge la kwanza tu likanifungua mdomo.

"Wewe ndiye uliyestahili," nikamwambia. "Si Kassim. Wewe. Hakuna hata mmoja wetu anayekufikia."

Nikajiandaa kwa ah wapi. Nilikuwa na maneno tayari, ningerudia mara tatu, mara kumi, mpaka akubali au tugombane. Somoe akatafuna, akameza, akachukua kipande cha bilinganya.

"Najua," akasema.

Nikaweka tonge chini. "Unajua?"

"Najua tangu siku ya kwanza. Kassim anajua. Wewe unajua." Akausogeza mchuzi upande wangu wa sinia. "Na wote mmejua bila mimi kuwaambia. Kula, shoga, wali unapoa."

Nikala. Nilikuwa na hasira mpaka punje ya mwisho, na wali ulikuwa mtamu kuliko siku zote. Sikumwambia.